Ngozi isibadilishwe kwa ajili ya rangi ya nywele

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nitoe maoni yangu kuhusu rangi za nywele. Najua wapo watakaosema hilo ni jambo dogo, tena la watu wa mjini. Si la mjini tena. Katika kijiji ninachofundisha, chenye duka moja la dawa na saluni mbili za mabanzi, hivi sasa wapo akina mama na vijana wenye nywele nyekundu, za dhahabu, za zambarau na hata za buluu. Mavuno yakimalizika na mpunga ukishauzwa, wasusi hawapati hata nafasi ya kunywa chai.

Sina ugomvi na rangi zenyewe. Kilichonifanya nishike kalamu ni jambo linalokwenda sambamba na rangi hizo. Katika maduka mengi ya vipodozi, boksi la rangi ya nywele hupangwa rafu moja na vikopo vya mkorogo, na muuzaji huviuza kama pacha. Binti mmoja niliyemfundisha hadi akamaliza darasa la 7 alikwenda katika duka la namna hiyo kununua rangi ya dhahabu. Akaambiwa kwamba dhahabu haitamkaa kwa weusi alio nao, kwanza "ang'ae kidogo", na akauziwa vikopo viwili bila maandishi yoyote. Baada ya miezi mitatu nywele zilikuwa za dhahabu kweli, lakini mashavu yalikuwa yamebabuka, vifundo vya vidole vimebaki vyeusi, na akienda shambani jua linamchoma kama pasi. Ana mtoto wa kunyonyesha. Binti huyo hakuwa na kasoro yoyote. Aliuliza swali la busara kabisa, kwamba rangi gani itanifaa, akajibiwa na mtu mwenye vikopo vya kuuza.

Swali lake linastahili jibu la kweli, nami nitajaribu kulijibu kadiri ya ujuzi wangu wa somo la sanaa tulilofundishwa chuo cha ualimu, pamoja na niliyojifunza baadaye kwa kusoma na kwa kuwauliza wasusi.

Kwanza niondoe hoja moja ambayo huletwa kila mara jambo hili linapozungumzwa. Wapo wazee wetu wanaosema kupaka nywele rangi ni uigaji wa Wazungu. Mawazo hayo yana historia. Mwezi Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, na kuanzia Januari 1, 1969 sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na krimu za kujichubua vikapigwa vita mitaani Dar es Salaam. Ndugu zetu wa wakati ule walibishana sana magazetini, wengine wakiunga mkono na wengine wakiuliza kwa nini siasa iingie katika sanduku la nguo la mwanamke. Mimi naona waliweka vitu viwili tofauti katika kapu moja. Krimu ya kujichubua inaharibu mwili, na hilo ni jambo la daktari. Wigi na rangi ya nywele ni pambo, na mapambo ni ya watu wote duniani.

Kwani hina ilitoka Ulaya? Akina bibi wa Pwani, kuanzia Tanga hadi Kilwa na Visiwani, wamepaka hina tangu enzi za mababu, na si mikononi na miguuni tu. Mwenye mvi huipaka kichwani, mvi zikawa na wekundu kama kutu. Morani wa Kimasai husokota nywele zake ndefu akazipaka mafuta yaliyochanganywa na udongo mwekundu. Wanawake wa kabila la Himba kule Namibia hufanya hivyo hivyo kwa udongo mwekundu na siagi, ngozi na nywele pamoja. Tazameni watu hao wote na ngozi zao. Hakuna aliyeambiwa kwanza ang'ae. Nyekundu ya udongo juu ya ngozi nyeusi ni mojawapo ya michanganyiko mizuri ambayo macho ya binadamu yanaweza kuona, na ilikuwapo Afrika kabla ya saluni ya kwanza kufunguliwa.

Rangi za boksi ni za juzi tu. Mwaka 1856 kijana wa Kiingereza, William Henry Perkin, akiwa na umri wa miaka 18, alikuwa akitafuta namna ya kutengeneza kwinini, yaani dawa ya malaria, kutokana na lami ya makaa ya mawe. Kwinini hakuipata, akapata rangi ya zambarau ya kupaka vitambaa. Kutokana na ugunduzi wa aina hiyo wataalamu wa kemia wakatengeneza rangi nyingi nyingine, na mwaka 1907 Mfaransa mmoja, Eugène Schueller, akatengeneza rangi za nywele na kuwauzia wasusi wa Paris. Kampuni aliyoianzisha mwaka 1909 ndiyo L'Oréal ya leo. Kwa hiyo rangi hizi zilitungwa kwa nywele za watu wa kule, na hapo ndipo matatizo yetu mengi yanapoanzia.

Nieleze kwa nini. Weusi wa nywele zetu unatokana na kitu kinachoitwa melanini, ambacho kimekaa ndani ya unywele, chini ya magamba madogo yaliyopangana kama vigae vya paa. Ukichukua rangi nyekundu ukaipaka juu ya nywele nyeusi ni sawa na kuandika kwa kalamu nyekundu juu ya ubao mweusi. Wino upo, lakini hauonekani, labda mtu akisimama juani ataona mng'ao kidogo. Ili rangi ionekane, hapana budi weusi ule upunguzwe kwanza. Kazi hiyo hufanywa na blichi, ambayo ni haidrojeni peroksaidi ikisaidiwa na dawa kali zinazofungua magamba. Weusi hauondoki kwa mkupuo. Nywele hupita kwanza kwenye hudhurungi, halafu nyekundu nyekundu, halafu chungwa, halafu manjano, na mwisho manjano hafifu kama ndani ya ganda la ndizi. Kila hatua ina gharama yake, kwa sababu dawa inayokula melanini inakula na nguvu ya unywele wenyewe. Nywele zetu za kipilipili hujikunja mara nyingi, na kila mkunjo ni mahali pa kukatikia. Isitoshe mafuta ya kichwani hayateremki kwa urahisi hadi nchani kama yanavyoteremka katika unywele ulionyooka, kwa hiyo huwa kavu tangu mwanzo.

Sasa chukua boksi lenye picha ya mwanamke mwenye nywele za dhahabu. Picha ile haikuonyeshi rangi iliyomo ndani ya boksi. Inaonyesha rangi hiyo ikipakwa juu ya nywele ambazo tayari zilikuwa hafifu. Ukiipaka wewe juu ya nywele nyeusi utapata wekundu wa kutu au usipate kitu, nawe utadhani umenunua bandia. Boksi nyingi nilizoziona zina picha ndogo upande wa nyuma zinazoonyesha rangi itakavyotokea juu ya nywele za aina mbalimbali. Picha hizo za nyuma ndizo za kuangalia, na kama hakuna picha yenye nywele nyeusi, basi boksi hilo halikutengenezwa likukumbuke wewe.

Nije kwenye ngozi. Vitabu vya urembo vya nje huwaambia watu waangalie mishipa ya damu kwenye kifundo cha mkono kama ni ya buluu au ya kijani, ndipo wajue ngozi yao ni "ya joto" au "ya baridi". Kwa mtu mweusi tii ushauri huo hausaidii kitu, maana mishipa haionekani. Lugha yetu inayo maneno yake. Tunasema mweusi tii, tunasema maji ya kunde, tunasema mweupe tukiwa na maana ya Mwafrika wa rangi hafifu. Lakini maneno hayo yanataja kiasi cha weusi tu. Ndani ya weusi mmoja kuna tofauti nyingine. Watu wawili wanaweza wote kuwa maji ya kunde, lakini mmoja ngozi yake ina wekundu au umanjano kwa ndani kama chungu kilichochomwa vizuri, na mwingine ina ubuluu au ukijivu kama mpingo uliopigwa msasa. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua rangi gani itamkaa.

Namna ya kuitambua haihitaji fedha. Nawa uso, usipake poda wala mafuta yenye rangi, kaa dirishani au chini ya mti saa 3 asubuhi. Usifanye hivyo saluni usiku, kwa sababu taa nyingi za umeme wa jua zina mwanga wenye ubuluu na zitakudanganya. Toa kanga zako zote sandukuni. Weka moja moja chini ya kidevu, mwenzio akiangalia uso wako, asiangalie kanga. Kanga nyingine ikiwekwa, macho yanang'aa na ngozi inatulia. Nyingine ikiwekwa, mtu anaonekana kama ametoka kuugua homa. Kama kanga za chungwa, za manjano ya binzari, nyekundu ya pilipili na za kahawia ndizo zinazokupendeza, una joto katika ngozi yako. Kama zambarau, waridi iliyokolea, buluu na nyeupe pee ndizo zako, wewe ni wa upande wa pili. Wapo wengi wanaopendeza kwa zote, na hao wana bahati. Hereni pia husaidia, za rangi ya dhahabu sikio hili na za rangi ya fedha sikio lile. Lakini kwa maoni yangu kanga ina ukweli zaidi, na aliye bora kwa kazi hiyo ni shangazi au wifi asiyeogopa kukuudhi.

Kwa mtu mweusi tii, mimi naona rangi zilizoiva ndizo zinazomtoa vizuri zaidi: damu ya mzee, zambarau nzito, shaba, buluu ya wino, kijani cha chupa. Weusi mwingi una nguvu ya kubeba rangi kali ambayo ingemmeza mtu hafifu. Wanaosema mtu mweusi hafai rangi kali wameigeuza kweli juu chini. Na hata dhahabu inamfaa, tena sana, kwa sababu ya umbali ulio kati ya ngozi na nywele. Aliyemwambia yule binti kwamba lazima ang'ae kwanza alisema uongo, maana ngozi ikizidi kuwa hafifu, dhahabu inaikaribia na uso unapotea ndani ya nywele. Shida ya dhahabu ni ya nywele wala haitokani na ngozi, kwamba kuifikia kunahitaji blichi nyingi mno. Mwenye nywele fupi sana anaweza kuijaribu, kwa kuwa zikiharibika atanyoa na baada ya miezi michache ana nywele mpya. Mwenye nywele ndefu alizozitunza miaka minne afikiri mara mbili.

Mtu wa maji ya kunde mwenye joto ndani ya ngozi anafaa asali, shaba, kutu, na chungwa lililoiva. Ajihadhari na rangi ya majivu, ambayo vijana wanaipenda siku hizi, kwani ikikaa karibu na umanjano wa ngozi humfanya aonekane hana damu. Yule wa maji ya kunde mwenye ubuluu, majivu hayo hayo yanaweza kumpendeza, na kadhalika zambarau na waridi. Mweupe ajiepushe na manjano inayolingana sawasawa na uso wake. Nikisema ajiepushe sina maana kwamba kuna sheria. Nimemwona mwanamke mmoja stendi ya Morogoro mwenye nywele za kijani kibichi ambaye kwa kanuni zangu zote asingependeza, na abiria wote tuligeuza shingo kwa kumpenda.

Kuna hesabu moja ambayo wasusi wengi wa vijijini hawaijui, nayo hufundishwa darasani kwa kalamu za rangi. Buluu ukiichanganya na manjano unapata kijani. Kwa hiyo mtu aliyepaka blichi akaishia kwenye manjano, kisha akapaka buluu, asishangae akitoka na kijani cha dimbwi. Buluu juu ya chungwa ni mbaya zaidi, hutoa rangi ya tope. Zambarau huua manjano, na ndiyo maana shampuu ya zambarau hutumika kutuliza nywele za dhahabu zilizozidi umanjano. Nyekundu na shaba hukubali kukaa juu ya chungwa bila ugomvi, na kwa sababu hiyo hazihitaji blichi ya kufika mbali. Ukijumlisha hilo na habari ya udongo mwekundu niliyoitaja mwanzoni, utaona kwamba mwanakijiji mwenye fedha kidogo na nywele anazozipenda ana sababu nzuri ya kuanzia kwenye wekundu.

Afadhali zaidi aanze bila rangi yoyote. Rasta za kusukia zinauzwa za kila rangi, hata dukani kwetu. Suka kwa rangi unayoitamani, kaa nayo wiki mbili, nenda nayo kanisani au msikitini, nenda nayo kwenye mkutano wa kijiji, piga nayo picha mchana. Ukichoka, fumua. Wengi watagundua kwamba walichokitaka kimeshapatikana na nywele zao ziko salama chini. Hili ndilo ningemwambia yule binti kama angeniuliza kabla ya kwenda dukani.

Sasa niseme juu ya rangi nyeusi, maana hiyo ndiyo inayotumika kuliko zote na hakuna anayeiogopa. Wazee wenye mvi, wanaume kwa wanawake, huipaka, na akina dada huichora mikononi kwenye harusi na sikukuu wakiiita piko. Rangi nyeusi ya boksi mara nyingi ina kemikali inayoitwa parafenilenidiamini, ambayo kwenye boksi huenda ikafupishwa PPD. Katika nchi za Umoja wa Ulaya kiasi kinachoruhusiwa kichwani hakizidi asilimia 2 baada ya kuchanganywa, na hairuhusiwi kabisa kupakwa kwenye ngozi kama pambo. Huku kwetu watoto wa miaka mitano huchorwa maua mikono yote siku ya Idi kwa rangi iliyotengenezwa kwa ajili ya nywele. Hina halisi haina weusi, ni majani yaliyosagwa na rangi yake ni ya chungwa inayogeuka kuwa wekundu au kahawia. Ukiambiwa hii ni hina nyeusi na inakolea katika dakika chache, jua kwamba kuna kitu kimetiwa. Mwili ukishaikataa kemikali hiyo mara moja, kwa kawaida utaikataa maisha yote, na mtoto aliyepata malengelenge ya piko leo anaweza kuvimba uso mzima miaka 20 baadaye atakapotaka kuficha mvi zake.

Kuna njia ya kujipima. Changanya rangi kidogo kama ilivyoelekezwa, paka tone nyuma ya sikio au ndani ya kiwiko, acha saa 48. Pakiwasha, pakivimba au pakitoa malengelenge, usiitumie. Msusi atakayekuambia hana muda wa saa 48 ana haraka ya fedha yako. Hata wewe uliyewahi kupaka bila shida, jipime tena, kwa sababu mwili unaweza kubadilika. Na wazee wangu wenye mvi naomba msinikasirikie nikisema kwamba weusi wa lami juu ya uso wenye mikunjo huufanya uso uonekane mzee zaidi. Hudhurungi au hina ni laini kwa uso, na mvi yenyewe huipokea hina vizuri sana.

Watu wameniuliza pia habari za saratani. Mwaka 2019 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliowafuatilia wanawake 46,709, ambao kila mmoja alikuwa na dada aliyepata saratani ya matiti. Waliotumia rangi za kudumu walionekana kuwa na hatari kubwa kidogo ya ugonjwa huo, kiasi cha asilimia 9 kuliko wasiotumia, na kwa wanawake weusi ilikuwa asilimia 45. Mwaka uliofuata utafiti mwingine wa huko huko, wa wauguzi 117,200, haukuona ongezeko kwa saratani nyingi walizozichunguza, ingawa kwa chache ulionekana uhusiano. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani limesema kwamba kwa mtumiaji wa kawaida ushahidi hautoshi kuamua, lakini kazi ya ususi yenyewe imewekwa katika kundi la zile ambazo huenda zinasababisha saratani. Kwa hiyo mwenye kuogopa zaidi ni yule anayeshika dawa hizo kila siku. Wasusi wetu huchanganya blichi katika chumba kisicho na dirisha, mikono mitupu, mtoto mgongoni. Glavu hazina bei kubwa, na meza inaweza kuwekwa nje kwenye upepo.

Kwa wasusi hao hao nina ombi jingine. Msiweke dawa ya kulainisha nywele na blichi siku moja. Dawa ya kulainisha nyingine zina soda kali, na blichi nayo ni kali, nywele zikipata vyote viwili kwa pamoja hukatika shinani kama majani makavu. Acheni wiki kadhaa zipite, na mteja akilazimisha mkataeni. Angalieni pia namba kwenye chupa ya peroksaidi. Namba 20 ni asilimia 6, namba 30 ni asilimia 9 na namba 40 ni asilimia 12. Ile ya 40 haifai kugusa ngozi ya kichwa, na nasikitika kwamba ndiyo inayopendwa kwa sababu inamaliza kazi haraka.

Mwisho nawageukia wahusika serikalini. Tangu Julai 2019 kazi ya kusimamia vipodozi ilihamishiwa Shirika la Viwango Tanzania, na vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini kwa miaka mingi. Zebaki inaharibu figo na mishipa ya fahamu, na mama anayenyonyesha anaweza kumpitishia mtoto. Hata hivyo vikopo visivyo na maandishi vinafika kijijini kwetu kwa pikipiki kila siku ya gulio, vikiwa vimefichwa chini ya mafuta ya nazi. Wakaguzi hukagua maduka ya mjini yenye vioo. Naomba waje na gulioni, tena bila kutanguliza taarifa kwa mtendaji wa kijiji.

Na kwa waingizaji wa rangi za nywele, wekeni ndani ya boksi karatasi ya maelezo ya Kiswahili chenye herufi zinazosomeka, pamoja na picha ya nywele nyeusi za kipilipili kabla na baada ya kupakwa. Karatasi niliyopewa nikaifasiri na akina mama wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa ilikuwa na lugha saba, na ya kwetu haikuwamo. Kazi ya kuifasiri ilituchukua Jumamosi mbili. Nakala nimeibandika kwenye ukuta wa saluni zote mbili, na yeyote mwenye kuitaka anaweza kuja kuinakili.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kilosa, Morogoro.